Kuvuka Mpaka kwa Ajili ya Kuokoa

Kipindi hiki kinawaletea wasikilizaji wa Kitengela, Isinya, Kajiado na Namanga swali zito la maadili: je, nchi ina haki ya kupeleka jeshi katika nchi nyingine ili kuwaokoa raia wanaouawa na serikali yao wenyewe? Kitendo hicho huitwa uingiliaji kati wa kijeshi kwa sababu za kibinadamu, nacho hugongana na kanuni ya mamlaka ya dola, yaani haki ya kila nchi kujiamulia mambo yake.

Mfano wa karibu ni Vita vya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala dhalimu wa Uganda, yalivamia Tanzania, ambayo iliyafukuza lakini haikuishia mpakani, bali ilisonga mbele pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni hadi Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, alijitetea kwamba nchi yake ilivamiwa, kwa kuwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikataza mwanachama kuingilia mambo ya ndani ya mwenzake. Hata hivyo, katika mkutano wa Umoja huo mjini Monrovia, Julai 1979, viongozi wa Sudan na Nigeria waliilaumu Tanzania.

Lawama hiyo ilikuwa na msingi, kwani mpaka ni ngao ya taifa dogo. Lakini ngao hiyo haikuwekwa ili mtawala aue watu akiwa nyuma yake. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, Afrika ilibadili msimamo, na Sheria ya Kuunda Umoja wa Afrika ya 2000 ikauruhusu Umoja huo kuingilia kati panapotokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu.

Idhini peke yake, hata hivyo, haitoshi. Serikali ya kwanza baada ya Amin ilidumu takriban miezi miwili tu, uchaguzi wa Desemba 1980 ukazua mzozo, na vita vilivyofuata huko Luwero, Uganda, vikaangamiza raia wengi. Hivyo anayemng'oa dhalimu hubeba pia wajibu wa kusaidia kujenga amani inayofuata. Wajibu huo unawagusa wapiga kura wa Kajiado, kwa sababu kifungu cha 240 cha Katiba ya Kenya kinataka Bunge liidhinishe majeshi yanapopelekwa nje kulinda amani, na ni haki yao kumtaka mbunge aulize, kabla ya kuidhinisha, ni nani atakayewalinda raia wa huko vita vikiisha.