Payslipu Inapokatika: Kufutwa Kazi, Uchumi Unaodorora na Bajeti ya Kenya



Kila mwaka wanafunzi wanaokaribia kuhitimu huniuliza kazi ziko wapi. Jioni hii naomba tulitazame swali hilo kutoka upande ambao hatuuzoei, upande wa Hazina ya Kitaifa. Kazi zinapopotea, serikali nayo hupoteza nini?

Nianze na hesabu, kwani mchumi asiyepiga hesabu ni mhubiri tu, na wahubiri tunao wa kutosha. Mchukue mfanyakazi wa kiwanda anayelipwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya mwaka 2025, baada ya kuondolewa michango isiyotozwa kodi, kodi yake ya mshahara, PAYE, ni takriban shilingi 8,500. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5 kutoka kwake na nyingine kama hiyo kutoka kwa mwajiri, jumla shilingi 1,800. Bima ya afya, SHIF, inachukua asilimia 2.75, yaani shilingi 1,650. Karibu shilingi 12,000 huenda serikalini kila mwezi kabla mtu huyu hajapanda matatu. Kiwanda kikifuta wafanyakazi 100, pengo hilo linapita shilingi milioni 14 kwa mwaka. Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, sijaitia humo, kwa sababu hiyo ni akiba ya mfanyakazi mwenyewe. Hata hivyo, mfuko huo huwekeza sehemu kubwa ya pesa zake katika hatifungani za serikali. Anayefutwa kazi, basi, alikuwa mlipa kodi na vilevile mkopeshaji wa serikali, hata kama hakuwahi kuambiwa.

Athari hii ni kali kwetu kwa sababu wanaobeba mzigo huo ni wachache. Kati ya Wakenya takriban milioni 20 wanaohesabiwa kuwa na kazi nje ya kilimo kidogo, wenye ajira rasmi ni milioni tatu na kitu. Waliosalia wako katika sekta isiyo rasmi, jua kali, na PAYE haiwafikii. Utafiti wa Kiuchumi wa 2025 ulisema uchumi ulikua kwa asilimia 4.7 mwaka 2024, ukishuka kutoka mwaka uliotangulia, na kwamba nafasi mpya za kazi takriban 782,000 zilipatikana. Tisa kati ya kila kumi zilikuwa za jua kali. Waziri anaweza kuzitangaza kwa fahari, na hana kosa, lakini fundi aliyefungua banda katika soko la Gikomba baada ya kufutwa kiwandani haonekani tena katika kapu lile la kodi alimoonekana jana.

Kodi ya matumizi nayo hupungua kwa njia isiyotangazwa. Familia iliyopoteza mshahara hurudi kwenye unga wa mahindi na mkate wa kawaida, ambavyo kwetu havitozwi kodi ya ongezeko la thamani, VAT. Kinachoachwa ni jokofu, chakula cha hotelini, rangi ya kupaka nyumba. Ndugu akimtumia aliyefutwa pesa kwa M-Pesa, serikali hupata chochote kutoka kwenye ada ya kutuma. Hiyo ndiyo faida pekee ya msiba huu kwa Hazina ninayoweza kuitaja.

Hapa tunaachana na Ujerumani au Marekani. Huko, mtu akiachishwa kazi, mapato ya serikali hushuka na papo hapo matumizi hupanda, maana ana haki ya kulipwa malipo ya ukosefu wa ajira. Upungufu wa bajeti unaonekana kwa macho na unajadiliwa. Kwetu, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri alipe angalau ujira wa siku 15 kwa kila mwaka uliotumikiwa. Baada ya hapo gharama huhamia kwa dada, kwa mjomba, kwa mama kule kijijini. Bajeti yetu huonekana imara kuliko ilivyo kwa sababu nusu ya hasara imeandikwa katika daftari la ukoo.

Mwaka 2020, korona ilipoingia, tuliona mambo haya yote kwa pamoja. Uchumi ulinywea kwa asilimia 0.3, na ajira rasmi zikashuka kutoka takriban milioni 2.9 hadi milioni 2.7. Serikali ilipunguza VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 na kuwasamehe PAYE wanaopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi. Uamuzi huo nilikubaliana nao wakati ule na nakubaliana nao sasa, ila msamaha wa PAYE haukuweza kumsaidia ambaye payslipu yake ilikuwa imekwisha kukatika.

Mapato yakipungua, ni nini hukatwa? Deni la taifa hulipwa kwanza. Katiba inataka litozwe moja kwa moja kwenye Mfuko Mkuu wa serikali (Consolidated Fund). Kaunti 47 zinalindwa na Kifungu cha 203, kinachozipa angalau asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa. Mishahara ya watumishi haiguswi kirahisi. Kinachobaki ni miradi ya maendeleo, na wale waliokwisha kuiuzia serikali bidhaa au kuijengea barabara. Mradi hukatwa katika bajeti ya nyongeza, kwa kelele kidogo. Mwanakandarasi hukatwa kimya kimya: haambiwi kwamba hatalipwa, anaambiwa arudi mwezi ujao.

Kufikia katikati ya 2024, madeni ya serikali kuu na mashirika yake, mengi yakiwa ya watu wa aina hiyo, yalipita shilingi bilioni 500. Hili ndilo nililokuja kulisema. Tumezoea kufikiri kwamba watu hufutwa kazi kwanza, kisha bajeti ikaumia. Kwa Kenya, mara nyingi serikali ndiyo iliyoanza. Mwanakandarasi asiyelipwa hukopa benki kwa riba, kisha hufuta madereva na waashi, kisha hushindwa kupeleka PAYE ifikapo tarehe 9 ya mwezi. Mamlaka ya Ushuru, KRA, humtoza faini. Mkono mmoja wa serikali unamdai pesa ambazo mkono wa pili umekataa kumpa. Mwaka 2025 sehemu ya madeni ya barabara ilianza kulipwa kwa kuweka rehani shilingi 7 za tozo ya mafuta kwa kila lita. Ni afadhali kulipa hivyo kuliko kutolipa, lakini hizo ndizo pesa za kukarabati barabara za kesho.

Njia nyingine imekuwa kuwakamua zaidi waliobaki. Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza ngazi za PAYE za asilimia 32.5 na 35 na kuleta tozo ya nyumba. Mswada wa Fedha wa 2024, uliolenga takriban shilingi bilioni 346, vijana waliukataa barabarani na Rais akauondoa. Hata kama ungekuwa sheria, nina shaka kwamba pesa hizo zote zingepatikana, kwa kuwa kila tozo inayomwangukia mwajiri humfanya asite kuajiri.

Kuna njia bora zaidi: kujiandaa mapema. Sheria ya Ajira niliyoitaja inamlazimu mwajiri anayepunguza wafanyakazi amwarifu afisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla. KRA nayo hupokea orodha za mishahara kila mwezi. Serikali, kwa hiyo, ina habari mapema kuliko sisi sote. Ombi langu kwa Hazina ni kwamba bajeti ya Juni ijayo iseme payslipu 50,000 zikipotea, mapato yatashuka kwa kiasi gani. Kwa hesabu yangu ya mtu wa shilingi 60,000, ni bilioni 7.2 kwa mwaka. Kisha ipangwe mapema kwamba ukuaji ukishuka, wanakandarasi wenye ankara zilizothibitishwa walipwe kabla ya mradi wowote mpya kuzinduliwa.