Wakiahidi kupunguza ushuru wa hisa, waulize hisa gani

Kila msimu wa Mswada wa Fedha kuna ahadi inayorudi: ati ushuru wa faida ya mtaji upunguzwe ili vijana wawekeze kwenye hisa na zile MMF za kwenye simu. Ukumbi hupiga makofi. Hebu kwanza tuone sheria inasemaje.

Ushuru huu hutozwa faida unayopata ukiuza mali kwa bei kubwa kuliko uliyonunulia. Kenya iliusimamisha mwaka 1985, ukarudi Januari 2015 kwa asilimia 5, halafu Januari 2023 ukaruka hadi asilimia 15. Mara tatu kwa mpigo! Kwa hivyo wanaolalamika hawajatoa malalamiko hewani.

Lakini hisa? Ukinunua hisa kwenye Soko la Hisa la Nairobi kwa 100,000 ukaziuza kwa 140,000, ushuru wa faida ya mtaji kwa ile 40,000 ni sufuri. Zilishasamehewa. Utamlipa wakala kamisheni yake, na gawio likija linakatwa asilimia 5, basi. Sasa sufuri utaipunguza vipi?

Na MMF, pesa zako kule huzaa riba, na riba hukatwa asilimia 15 kabla hujaiona. Riba ikiwa 10,000, serikali inachukua 1,500. Huo ni ushuru wa riba, kitu kingine kabisa. Faida ya mtaji ikishushwa hadi asilimia moja, wewe mwenye elfu tano zako kwenye simu hutaona tofauti.

Atakayeiona ni anayeuza ardhi, majengo ya biashara, au hisa za kampuni zisizo sokoni. Tuseme mtu aliweka milioni 2 kwenye kampuni changa, akauza hisa zake milioni 12. Leo analipa milioni 1.5. Kwa kiwango cha zamani angelipa laki tano. Huku mwajiriwa wa mshahara wa kawaida, mapato yake yanayotozwa ushuru yakipita 32,333 kwa mwezi, yanayozidi hapo yanakatwa asilimia 30. Watetezi wanasema mwekezaji alihatarisha pesa zake, na ukimkaba atazipeleka nchi nyingine. Hoja hiyo ina uzito, sikatai. Basi waitetee hivyo waziwazi, wasijifiche nyuma ya kijana wa elfu tano.

Mahali mimi naona kuna dhuluma ni kwa mfumuko wa bei, na jambo hili halisemwi sana jukwaani. Chukua mama aliyenunua ploti yenye maduka kwa milioni 3, akaiuza miaka 10 baadaye kwa milioni 5. Kwenye hesabu ya ushuru hiyo ni faida ya milioni 2, ukiacha gharama ndogondogo, na asilimia 15 yake ni 300,000. Sasa bei za vitu zikiwa zimepanda asilimia 5 tu kila mwaka, kilichogharimu milioni 3 wakati ule kinagharimu karibu milioni 4.9 leo. Faida yake halisi ni kama laki moja. Analipa ushuru mara tatu ya alichopata! (Nyumba uliyoishi mfululizo miaka mitatu kabla ya kuiuza haitozwi, na ardhi isiyozidi milioni 3 pia. Maduka hayana bahati hiyo.)

Kwa maoni yangu, asilimia 15 ibaki, ila bei ya kununulia irekebishwe kulingana na mfumuko wa bei kabla ya kupiga hesabu ya faida. Anayeuza baada ya mwaka mmoja kwa faida nono atalipa karibu vilevile. Aliyekaa na mali miaka 10 atapumua. Hazina itapoteza mapato, ndiyo, lakini ni mapato ya faida ambayo haikuwepo.

Mswada huwasilishwa Bungeni kufikia Aprili 30 na hutakiwa kupitishwa kufikia Juni 30. Hapo katikati kamati hupokea maoni ya umma, hata kwa barua pepe. Haya, maswali. Mwenye ploti aanze.