Tuhesabu Wanaoondoka: Maneno ya Kamati ya Fedha Siku ya Harambee

Sisi wa kamati ya fedha tumepewa dakika 10, na za kwanza tutazitumia kukiri kosa.

Desemba iliyopita tulifungua soko la msimu mjini Moshi, jirani na stendi, kwa michango yenu. Tulisimamisha vibanda 25 tukaanza tarehe 18, tukiamini kwamba watu wakijaa biashara nayo itajaa. Watu walijaa kweli, mabasi ya Dar es Salaam yakishusha usiku na mchana. Lakini mama zetu walioleta ndizi mshare walikaa na mikungu mpaka ikawaivia vibandani. Baada ya Krismasi, watu walipoanza kuulizia ndizi, vibanda vingi vilikuwa vimeshafungwa. Baadhi ya mama hao walikuwa wamechukua mzigo kwa majirani kwa mali kauli. Deni hilo bado liko kijijini.

Sisi tunaoshinda na vitabu vya hesabu tulipaswa kuliona mapema. Anayeshuka kwenye basi Desemba ana mabegi, mchele, sukari, kitenge cha mama na mtoto aliyelala begani. Hanunui ndizi mjini. Anakwenda kwenye migomba ya baba yake. Mtu huyohuyo akiwa anarudi Dar baada ya mwaka mpya, mikono yake ni mitupu na majirani wa kule wamemwagiza. Na tuseme ukweli, vihamba vimegawanywa mno. Si kila nyumba sasa ina mkungu wa kumfungashia mgeni. Huyo anayeondoka ndiye mnunuzi wetu, nasi tulimfungia mlango.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba fedha za kuhesabu kabla ya fedha za kujenga. Kuna miji duniani inayohesabu wapita njia kwa kamera. Sisi tunahitaji vijana 6, madaftari na saa ya mkononi. Daftari lina safu mbili, wanaoingia na wanaoondoka, na kila saa mstari mpya: vijiti vinne, cha tano kinavikata. Hakuna kuuliza mtu jina wala namba ya simu. Watakaa stendi na stesheni pia, maana tangu treni ya abiria irudi Moshi Desemba 2019, wapo wetu wasiopita stendi kabisa.

Mtauliza vijiti hivyo vitatusaidia nini. Chukulia wanaoondoka ni 1,000 kwa siku, na mmoja kati ya 20 anasimama kununua vitu vya shilingi 5,000. Hayo ni mauzo ya shilingi 250,000. Kwa vibanda 10, kila kimoja kinapata 25,000. Kwa vibanda 25 kama vya mwaka jana, kila mama anapata 10,000, na humo atoe mtaji, nauli na chakula cha mchana. Huo ni mfano tu. Tarakimu zetu wenyewe tutazipata tukihesabu.

Desemba si msimu pekee. Mbio za Kilimanjaro Marathon, zilizoanza mwaka 2003, huleta wageni mjini mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Mkimbiaji habebi mkungu. Anataka chakula cha moto na kahawa ya kubeba. Wapanda mlima nao huja zaidi Januari hadi Machi, na Juni hadi Oktoba. Masika ya Aprili na Mei tusijidanganye, vibanda vilale stoo. Ndiyo maana safari hii tunataka vibanda vya kukunja, si vya kupigilia misumari.

Wapo waliotuambia kuhesabu watu ni kupoteza fedha, kwamba kila Mchaga anajua Desemba kuna watu. Hata sisi tulijua. Tulichokuwa hatujui ni siku, saa na upande wanaoelekea.

Mchango wa leo utagawanywa hivi: kwanza kuwalipa mama zetu deni la mzigo ulioharibika, kwa sababu kosa lilikuwa letu, pili posho za vijana wa kuhesabu, kuanzia katikati ya Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari, kitakachobaki, vibanda. Orodha ya mama hao anayo katibu, na mwanachama yeyote anaweza kuikagua kabla hajatoa bahasha yake.