Haki ya Mzazi Asiye wa Dini Yetu



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake Muhammad (s.a.w.), tunapenda kuzungumzia jambo linalowatatiza wengi wetu hapa Moshi na huko juu mlimani. Uislamu uliletwa huku na wafanyabiashara wa pwani, na wamisionari wakaanzisha vituo vyao Machame na Kilema katika miaka ya 1890. Tangu hapo, koo nyingi za Wachaga zina watu wa dini zote mbili. Hivyo hutokea Mwislamu akapata habari kwamba mama yake Mkristo amefariki na atazikwa kihambani. Huuliza: Je, niende? Wapo wanaomjibu upesi kwamba asiende.

Jibu hilo haliafikiani na mafundisho ya dini yetu. Katika Sura Luqman, aya ya 15, tumeamriwa kukaa na wazazi kwa wema hapa duniani, hata wanaotushurutisha kumshirikisha Mungu, ingawa katika hilo hatuwatii. Abu Talib alipofariki, imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamuru Ali aende akamzike baba yake. Naye Mtume mwenyewe alizuru kaburi la mama yake, akalia hata waliokuwa pamoja naye wakalia. Basi chozi la mtoto kwa mzazi wake si upungufu wa imani.

Mipaka ipo. Ibada ya kanisani si yetu, na mbege hatuinywi. Lakini kuchimba kaburi, kubeba jeneza, kuchangia gharama, kupokea wageni na kukaa na ndugu siku za matanga hakumtoi mtu katika dini. Anayejificha Dar es Salaam mpaka mazishi yapite huwaachia shangazi na baba zake wadogo waseme kwamba Uislamu humfundisha mtu kumtupa mama yake. Na nafasi hiyo haiji mara ya pili.

Vivyo hivyo, mzazi Mwislamu akifa, watoto wake Wakristo wasisukumwe nyuma. Nao wamefiwa.

Tuwazike wazazi kwa adabu, kisha tuwatunze ndugu na marafiki zao, kwani wema huo huendelea baada ya kifo. Mwenyezi Mungu atujaalie kutimiza haki zao wakiwa hai, na atupe subira wanapoondoka. Amin.