Kiwambo, Jioni na Ikweta: Fizikia ya Mtetemo Kati ya Embu na Meru



Mada ya leo ni mtetemo, nami nitaifuata kwenye barabara itokayo Embu, ikapita Chuka, ikafika Meru. Kanuni yenyewe ni fupi. Kitu kikiondolewa mahali pake pa utulivu, kuna nguvu inayokirudisha. Kikifika pale hakisimami, kwa kuwa tayari kina mwendo. Hupitiliza upande wa pili, kisha hurudishwa tena. Nguvu hiyo ikiwa kubwa, mtetemo huenda haraka. Kitu kikiwa kizito, huenda polepole.

Pendulamu ni hali ya pekee, maana kinachoirudisha ni uzito wake wenyewe. Jiwe la kilo 1 na la kilo 10 hubembea sawasawa, mradi kamba ni za urefu mmoja. Kinachobaki ni urefu wa kamba na mvutano wa dunia, na hapa ndipo mahali huwa na maana. Barabara yetu huvuka Ikweta kati ya Nkubu na mji wa Meru. Kwa kuwa dunia inazunguka na imetuna katikati, mvutano wake hapo ni hafifu kidogo kuliko Ulaya. Saa ya pendulamu iliyorekebishwa London ingechelewa Nkubu kwa takriban dakika mbili na nusu kila siku. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikutana na jambo hilohilo huko Cayenne, Amerika Kusini, na baadaye Newton akalitumia kueleza umbo la dunia.

Mwaka 1851 mwanafizikia Léon Foucault alining'iniza pendulamu ndefu chini ya kuba la Panthéon, Paris. Watu waliona mstari wa kubembea kwake ukigeuka polepole kwa sababu ya mzunguko wa dunia. Duara zima huko huchukua karibu saa 32. Kwenye Ikweta mstari huo haugeuki. Hapo watalii wanaonyeshwa maji yakizunguka ndani ya beseni, upande huu wa Ikweta hivi na upande ule vile, ilhali hatua chache kutoka Ikweta mzunguko wa dunia hauwezi kuyaelekeza maji hayo kokote. Mwelekeo wao hutokana na namna yalivyomiminwa. Ningefurahi zaidi kuona shule moja ya Meru ikining'iniza pendulamu yake na kuwaonyesha wageni kwamba haigeuki.

Sasa nije kwa ngoma, ambayo ndiyo hasa iliyonileta hapa. Wapigaji wa Chuka wanajulikana nchi nzima kwa ngoma zao ndefu, wanazozibana kati ya mapaja huku wakicheza. Nguvu ya kurudisha hapa ni mkazo wa ngozi iliyowambwa. Kiwambo kikiwa kipana au kizito, sauti hushuka, kikikazwa, hupanda. Lakini haipandi kirahisi: kufanya mitetemo iwe mara mbili kwa sekunde, mkazo lazima uwe mara nne. Kabla ya kuanza, ngoma hupashwa moto. Joto hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hukausha ngozi ikajikaza, na huondoa unyevu ulioiongezea uzito. Zote mbili huvuta sauti upande uleule, juu. Anayeketi karibu na moto ule akigusagusa ngozi kwa vidole na kusikiliza anadhibiti vipimo vilevile ambavyo sisi huviandika ubaoni. Hana mlinganyo, lakini jibu analo.

Mahali mkono unapotua napo pana hesabu yake. Pigo la katikati huinua na kushusha kiwambo kizima pamoja. Husukuma hewa nyingi, likatoa mdundo mzito unaokufa upesi. Pigo la ukingoni hukigawa kiwambo vipande, kimoja kikipanda mwenzake akishuka, na sauti huwa kali zaidi. Uzi wa zeze hutoa sauti za juu zilizo mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile ya msingi. Kiwambo cha kawaida hutoa za mara 1.59, 2.14, 2.30. Hazipangani, na ndiyo maana ni vigumu kuimba noti ya ngoma.

Usiku ukiingia, ngoma hiyo husikika mbali zaidi, nasi husema ni kwa sababu watu wamenyamaza. Hiyo ni nusu ya sababu. Mwendo wa sauti ni karibu mita 340 kwa sekunde hewani penye nyuzi 15 za Selsiasi, na huongezeka kwa mita 0.6 kwa kila nyuzi moja. Mchana, ardhi ikiwa moto, hewa ya chini hupitisha sauti kwa kasi kuliko ya juu, na mawimbi hupinda kuelekea angani. Baada ya jua kuzama hewa baridi hutuama mabondeni na hali hugeuka: mawimbi hupindwa yakarudi chini, yakavuka bonde hadi mgongo wa pili.

Tembo pia huishi ndani ya hewa hiyo. Mwaka 1984 mtafiti Katy Payne alihisi mtikisiko karibu na tembo katika bustani ya wanyama ya Portland, Marekani. Ulitokana na miito yao. Kisha yeye na mtafiti wa tembo Joyce Poole wakachunguza miito hiyo Amboseli, hapa Kenya. Baadhi ina mitetemo chini ya 20 kwa sekunde, ambayo sikio letu haliipati. Kwa mitetemo 17, wimbi moja lina urefu wa mita 20, na mawimbi marefu hivyo hayamalizwi upesi na hewa wala vichaka. Tembo wa Mbuga ya Meru wana njia ya kuitana tusiyoisikia.

Silabasi ya 8-4-4 iliweka mawimbi na sauti kidato cha pili, na mara nyingi vilifundishwa kwa michoro tu. Naomba walimu wafanye jaribio moja. Mwiteni mwambaji ngoma shuleni. Pimeni sauti ya ngoma kwa simu yenye programu ya kuhesabu mitetemo, kabla ya moto na baada yake. Ikipanda kutoka 100 hadi 120 kwa sekunde, uwiano wa mkazo kwa uzito wa ngozi umeongezeka kwa asilimia 44. Mwacheni mwambaji aseme kwanza, kwa sikio, kama ngoma iko tayari. Ndipo wanafunzi wasome namba.