Chupa ya Mwani na Samadi ya Zizini



Swali lililoko mbele yetu ni moja: je, maji ya mwani yanayouzwa katika chupa yaweza kuchukua nafasi ya mbolea? Mwenye kuuliza, mara nyingi, fedha anayo mkononi tayari.

Mwani ni mmea wa baharini. Tusiuchanganye na magugu maji ya Ziwa Victoria. Huko Unguja, katika vijiji vya Paje na Jambiani, umelimwa kwa biashara tangu 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Maji yake yana potasiamu, madini mengine kwa kiasi kidogo, na vichocheo vya ukuaji. Yakichanganywa kwa kipimo na kupulizwa juu ya majani asubuhi au jioni, huweza kuisaidia mizizi kutanuka na mmea kustahimili ukame. Kwa nyanya, kabichi au miche ya kahawa, simlaumu anayejaribu.

Mahindi ni habari nyingine. Tani moja ya mahindi, yaani magunia 10 ya kilo 100, huondoka shambani na naitrojeni ipatayo kilo 15. Lita moja ya maji ya mwani kwa kawaida haina hata gramu 20. Mfuko wa urea wa kilo 50 unazo kilo 23. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la saba ataimaliza.

Nasi tuna ng'ombe! Samadi ikiachwa wazi zizini, jua huipunguzia naitrojeni ikapaa hewani, na mvua huiosha iliyobaki. Ikusanywe kivulini, ifunikwe kwa nyasi au majani ya migomba, igeuzwe mpaka iive, kisha ifukiwe kabla ya kupanda.

Anayehitaji mbolea ya ruzuku, utaratibu ulioanza msimu wa 2022/23, ahakikishe taarifa zake zimo katika daftari la wakulima kwa Mtendaji wa Kijiji. Na anayetaka chupa aulize kwanza leseni ya muuzaji, aone kama bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, adai na risiti. Chupa isiyoonyesha kipimo cha kuchanganya wala tarehe ya mwisho wa matumizi aiache dukani. Lebo ikiwa imeandikwa kwa lugha asiyoielewa, ampelekee Afisa Ugani wa kata waisome pamoja kabla ya kulipa.