Njia ya Miguu Haipimwi kwa Lori



Kila nikitaja chembe za matairi chakavu katika vitofali vya pevingi, husimama mhandisi na kunitajia asilimia 85. Mpira, asema, hula asilimia 85 ya nguvu ya zege, mjadala umefungwa. Jioni hii naufungua.

Tarakimu hiyo ina wenyewe: Eldin na Senouci, waliochapisha utafiti wao Marekani mwaka 1993. Katika fani yetu sijui makala inayostahili kurudiwa kusomwa kuliko hiyo, wala inayonukuliwa zaidi na wasioisoma. Asilimia 85 ilipotea pale kokoto zote, narudia, zote, zilipotolewa zikaingizwa vipande vya tairi. Ulipotolewa mchanga wote ukatiwa mpira uliosagwa, hasara ilikuwa kama asilimia 65. Nani hapa anafyatua tofali lisilo na punje ya mchanga? Sisi tunaoomba sehemu kumi kwa mia ya mchanga, kwa ujazo, zibadilishwe kwa mpira, tunahukumiwa kwa mchanganyiko ambao hatukuuchanganya.

Makala hiyo hiyo ina jambo la pili, na wapinzani wangu huliruka. Sampuli zenye mpira hazikupasuka ghafla. Zilimeza nishati nyingi kabla ya kushindwa. Waliouona udhaifu ndio waliouona ustahimilivu. Kuwanukuu nusu ni kuwadhulumu.

Kwa nini nguvu hupungua, mnajua: mpira ni laini, hukataa maji, hunasa hewa, na saruji haiushiki vyema. Segre na Joekes walionyesha mwaka 2000 kwamba kuziosha chembe kwa soda kali husaidia mshikano. Tupite.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa katambuga, viatu vya tairi. Mteja akija, hakuanza na ugumu wa tairi. Alimuuliza anakwenda kukanyaga wapi. Swali hilo ndilo waliloanza nalo Sukontasukkul na Chaikaew wa Thailand mwaka 2006, walipotengeneza vitofali vya njia kwa waenda kwa miguu, si kwa malori.

Pingamizi moja naliheshimu. Matairi yana zinki, na mwaka 2020 watafiti wa Marekani walibaini kuwa kemikali itokanayo na matairi huua samoni aina ya coho mvua inapoosha barabara. Basi tofali lifyatuliwe kwa tabaka mbili: mpira chini, zege tupu juu panaposuguliwa. Gharama itapanda kidogo, na lori la mizigo bado halina ruhusa ya kupita hapo. Hayo nayakubali.

Lakini zabuni ya njia ya shule inayodai nguvu ya yadi ya makontena inanunua saruji isiyohitajika, huku matairi yakichomwa jalalani. Anayeandika zabuni aandike kwanza nani atapita. Akishaandika hivyo, mpira utakuwa na kazi yake katika zege, na asilimia 85 itarudi kwa wenyewe.